Mama Héritière Ampangusa Mkoma

Mke wangu Euphrasie alitaka binti yetu awe nesi. Binti yetu Héritière alitaka kuimba opera. Mimi nilitaka kula kwa amani, kwa hiyo nilikubaliana na wote wawili, kila mmoja akiwa peke yake.

Jumamosi moja mchana mambo yakafika ukingoni. Chuo chake cha Minneapolis kilikuwa kinaonyesha opera ya Kijerumani ya karne iliyopita, iliyotolewa kwenye mchezo wa dini. Mwalimu wake, mzungu mwembamba aliyeketi mstari wa mbele na kalamu, angeamua siku hiyohiyo kama Héritière aendelee na kuimba au aache. Akiachishwa, fomu ya uuguzi ilikuwa kwenye mkoba wa mama yake, imejazwa yote, bado sahihi tu.

"Maman, kule watu hukaa kimya," Héritière alimsihi asubuhi. "Hakuna amina. Hakuna kusimama."

"Hata wakimtaja Yesu?"

"Hata wakimtaja Yesu."

"Basi hao Wajerumani wana shida."

Héritière aliimba nafasi ya msichana anayembusu mkoma kwa huruma, kisha naye anaambukizwa. Walimpaka vidonda usoni, vibaya kweli. Hata mimi, niliyefua mashuka ya hospitali ya Maplewood miaka saba, nilikunja pua. Halafu dada yake wa kwenye mchezo, aliyekuwa akimdharau, akamletea mtoto wake aliyekufa. Héritière akampakata, akaanza kuimba.

Sauti ilianza chini, kama mtu anayejisemea jikoni. Ikapanda, ikapanda tena, ikakaa hukohuko juu bila kushika kitu. Nikamtazama Euphrasie. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

Sasa, kanisani kwetu mwimbaji akikugusa moyo hukai tu kama gunia. Unaenda mbele na kitambaa, unampangusa jasho. Ndiyo namna ya kumwambia kwamba tumekupokea.

Nikasikia kiti kikilia. Nilirusha mkono kushika sketi, nikashika hewa.

"Euphrasie! Rudi!"

"Niache, Baba Héritière. Mwanangu analowa jasho!"

Akapanda ngazi za jukwaa. Alimpangusa Héritière paji la uso, akampangusa shavu la kushoto kwa mapenzi yote, na ukoma wote wa upande ule ukahamia kwenye kitambaa.

Piano ikasita. Dada wa kwenye mchezo alifungua mdomo, akausahau wazi. Mkoma alitakiwa afe na vidonda vyake sehemu ya mwisho. Sasa nusu ya uso iling'aa kama ya bibi harusi. Mwalimu aliacha kuandika.

Héritière hakuacha kuimba. Aliukamata mkono wa mama yake, akaubana pale shavuni palipopona, akawageuzia watu upande wenye vidonda. Euphrasie ikabidi apige magoti kando yake. Wakakaa hivyo mpaka mtoto wa kwenye mchezo akafufuka na pazia la sehemu ile likashuka.

Euphrasie alirudi kitini amenywea. "Nimemharibia."

"Umemponya," nikasema. "Tatizo hakuna aliyekutuma."

"Usinichekeshe! Yule mwalimu akimfukuza, nitamlilia miguuni."

"Na fomu ya uuguzi?"

"Fomu gani?"

Mchezo ulipokwisha, mwalimu alitufuata ukumbini. Héritière alikuja nyuma yake, rangi bado shingoni. Mzungu akamwonyesha Euphrasie kwa kalamu, akauliza jambo.

"Ni mama yangu," Héritière akajibu kwa Kiingereza.

Mwalimu akasema maneno mengi, uso mkavu. Euphrasie alikuwa ameushika mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi.

"Amesema nini?"

"Amesema wengine wangenyamaza, mimi sikunyamaza. Nimepata nafasi ya kuendelea, Maman." Sauti iliyojaza ukumbi mzima ikakatika hapo. "Lakini kesho tunaimba tena, na wewe utakaa ghorofani, mstari wa mwisho."

Euphrasie akainua macho, akaipima ghorofa ile kwa utulivu.

"Sawa," akasema. "Ngazi za kushukia ziko upande gani?"