Unyusi wa Kushoto

…kwa sababu si yeye, hivyo ndivyo ningemjibu mtoto kama tungekuwa wawili tu, lakini ameuliza mbele ya wote, "Babu, huyu ndiye bibi?", na picha ya ule mkanda wa zamani imesimamishwa pale ukutani, uso mmoja mpana kuliko mlango, rimoti iko mkononi mwangu kwa kuwa mwanangu ametangaza kwamba leo mzee ndiye mwenye runinga, na mkamwana wangu amenyanyua simu ananirekodi, ile taa yake ya duara imenielekea machoni kama nimekamatwa na kitu cha wizi, na wote wanasubiri kwa heshima nilie… nimekunja uso, wanadhani machozi yako njiani, kumbe ni taa tu, miaka yote ya studio nilikaa nyuma ya taa, sijawahi kuwekwa mbele yake, na taa iliyosimama sawasawa na macho ya mtu, bila pembe, bila kivuli, sisi tuliiita taa ya mochwari, fundi aliyeiweka hivyo alirudishwa kukunja nyaya, leo ndiyo inayouzwa, kila nyumba ina yake, watu wanajimulika kama maiti halafu wanaulizana nani amependeza… "Baba, sema kitu," ananiambia, mara ya pili sasa, kwa upole, si mtu mbaya huyu mkamwana, ndiye anayenikumbusha dawa zangu na ndiye anayejua nalala upande gani, lakini ana watu wake huko ndani ya simu, na watu wake wanapenda kutazama mtu anayetazama kitu, siku aliyonieleza nilidhani ananitania, kwamba mtu mzima anakaa kitako anatazama sura ya mtu mwingine anayetazama sinema, sinema yenyewe haioni, nikamuuliza na hao wanaomtazama mtazamaji, nao wanatazamwa na nani, akacheka, akasema baba una maneno wewe, na jioni nikasikia sauti yangu jikoni ikiuliza swali lilelile, tena na tena, na vicheko nyuma yake ambavyo havikuwa vya mtu yeyote wa humu ndani… sasa leo anataka sura ya mzee anayemwona marehemu mkewe baada ya miaka, na mimi ninachomwonyesha ni mzee aliyekunja uso, na kitatosha, wataweka muziki juu yake.

Unyusi. Ni unyusi tu, mtoto wangu, lakini nitakuambiaje unyusi mbele ya baba yako, aliyesimama pale ameweka mkono juu ya ukingo wa hiyo skrini kama mtu anayeshika pembe ya ng'ombe aliyemnunua mwenyewe… bibi yako alikuwa na unyusi wa kushoto uliokatika, mlango wa bati ulimkata alipokuwa mdogo kuliko wewe, pakabaki mwanya ambamo nywele zilikataa kuota, upana wa punje ya mchele, na alipotaka kumkejeli mtu kile kipande cha nje kilipanda kwanza, peke yake, kile cha ndani kikabaki kimetulia kana kwamba hakihusiki, ndivyo nilivyojua nimekwisha kabla hajafungua mdomo, na huyu wa ukutani ana unyusi mzima, umechorwa, umechanwa, hauna habari na mlango wowote, na ngozi yake ni kama sabuni iliyotolewa kwenye karatasi sasa hivi, na kile kivuli chini ya kidevu, kivuli changu, nilichokipata kwa kusogeza taa ya pembeni huku yule bwana tuliyemwita Tena akipiga kelele kwamba tunachelewa, kimefutwa kama uchafu… tulimwita Tena kwa kuwa neno lake lilikuwa hilo, muigizaji akimaliza yeye "tena", akilia vizuri "tena", akizimia kweli "tena", na siku ile alikuwa anapiga mchezo wa foleni ya zahanati na mwanamke mmoja wa foleni hakutokea, na mke wangu alikuwa amekuja studio kwa jambo lake, nilikuwa nimeondoka na funguo za nyumba mfukoni, akajikuta amefungiwa nje ya geti lake mwenyewe, amekuja na hasira zake na mkoba wake, Tena akamnyooshea kidole, wewe mama, simama pale, huyu bwana atakupita, ukipitwa useme mimi nilikuwa mbele ya huyu, basi… na msichana wa vipodozi akaja mbio na penseli azibe ule mwanya, nikamwambia acha, nikateremsha taa ya pembeni mpaka mwanya ukashika mwanga, akapitwa, akageuka, kipande cha nje kikapanda, "Mimi nilikuwa mbele ya huyu," akasema, kama aliyezaliwa kwenye foleni hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu studio ijengwe Tena hakusema tena, alisema mama, nenda nyumbani, umetuaibisha wote… na kwa miaka, nikipakua chakula kabla yake, nikiwahi bafuni, nikisinzia kabla hajamaliza hadithi, nilisikia sentensi hiyo nyuma ya shingo yangu, ndiyo yote aliyowahi kuigiza na ilimtosha.

"Umeona mama alivyo msafi?" mwanangu ananiuliza, msafi, kana kwamba mama yake alikuwa na matope, na anauliza kwa moyo mweupe kabisa, hilo ndilo linaloniuma, ningekuwa na mtoto mbaya ningemgombeza nikalala… huyu ndiye anayetazama tamthilia kwa mwendo wa haraka, mmoja na nusu, nilimkuta siku moja mwanamke amefiwa pale ndani analia kama kasuku, nikamwuliza unakimbilia wapi, akasema mzee ziko sehemu nyingi, nisipokwenda hivi sitamaliza, nikasema si uache, akanitazama kama nimemwambia aache kazi, na sehemu ikiisha runinga yenyewe inaanza nyingine bila kuombwa, na ikiona umekaa kimya inakuuliza kama bado upo, runinga, inaniuliza mimi kama nipo, na ukitazama hizo tamthilia zenyewe mwanga ni mmoja jikoni, hospitali na makaburini, mwanga wa duka la simu, na wote wana sura moja, waliotoka kwa kinyozi mmoja na daktari mmoja, mwovu humjui mpaka muziki ukuambie… basi, na sura ya mke wangu imepelekwa hukohuko, imeandikishwa humo.

Lakini na nani, hilo ndilo, aliyemchukua ni nani kati ya wawili… wa kwanza ni runinga hii, namjua, wiki ileile ilipoletwa nilitazama mpira nikaona wachezaji wanateleza kama wamepakwa mafuta, na sinema ya vita ikawa kama kipindi cha mapishi, nikampigia Jicho, mshika kamera wetu wa zamani, yeye na mimi ndio tuliobaki, akacheka mpaka akakohoa, akasema nenda kwenye mipangilio, ingia picha, teremka mpaka chini kabisa, kuna kitu wanakiita Uboreshaji, kizime, wanakiacha wazi tangu dukani kwa sababu dukani kinavutia macho, kinajaza pasipo na kitu, bwana Kivuli, kikiona mkunjo kinaupiga pasi… Kivuli ndilo jina langu la studio, nilizoea kusema mwanga kila mtu anao, kazi ni kivuli… nikakizima, nikapumua, na leo mwanangu kakikuta kimezimwa, akasema mzee umevuruga mipangilio, akakiwasha, nimemwona akikiwasha, kwa hiyo kinafanya kazi sasa hivi, kinajaza, na kama mwizi ni huyu basi si mwizi, ni mtu aliyesimama mbele ya mtu, anasogezwa, mibofyo michache ya kidole gumba na bibi anatokea nyuma yake na unyusi wake… lakini kuna wa pili, wale vijana wa dukani ambao mwanangu aliwapelekea mkanda wangu waunakili, ametueleza kabla hajawasha, kwa furaha, mkono begani kwangu, kwamba wale vijana wana programu inayosafisha sura, wameisafisha bila hata kuombwa, nikamuuliza na mkanda wenyewe uko wapi, akasema, "Ulikuwa na ukungu, baba, niliwaambia watupe tu." Watupe tu. Alisema hivyo kama mtu aliyeniondolea mzigo, na nikatikisa kichwa, nilitikisa kichwa kwa kuwa sikuwa bado nimemwona huyu wa ukutani.

Kule studio mkanda mwingine hakuna, nisijidanganye, mikanda ilikuwa michache, mchezo ulirushwa mara mbili kisha wakarekodi mpira juu yake, niliyebaki nao ni mimi, Tena alininakilia kwa siri siku ya kuagana, na mashine ya kuuchezea ilipokufa fundi akaniambia mzee vipuri hakuna, hawatengenezi tena kitu cha kutengenezwa, nikauviringisha kwenye sweta na kuuweka kabatini, na hapo ulikaa ukiota ukungu, sikuuona, niliona inatosha kujua kwamba upo… na picha za karatasi hazina msaada, wapiga picha wote walimgeuza upande wa kulia, mama geuka kidogo, hivyo, mzuri, wote waliona aibu ya ule mwanya isipokuwa mimi, kwa hiyo pahali pekee duniani ambapo unyusi ule ulipanda ni kwenye foleni ile… na sasa kidole gumba kiko juu ya kitufe, mipangilio, picha, teremka, zima, na kama unyusi ukirudi nitamwambia mtoto huyu hapa, huyu ndiye, wewe ni somo wake, mtazame vizuri, na kama usiporudi… kama usiporudi ni wale vijana, na nyuma yao hakuna kitu, kuna jalala, na mwanangu atajua, ataona uso wangu na atajua alichokitupa, na mkamwana atakuwa amekirekodi.

"Babu." Mtoto ameegemea goti langu. Naam, mama, nasikia, nafunga macho kidogo, mkamwana anasogea na taa yake, anadhani sasa ndiyo, mimi nafunga nimlete mke wangu kichwani mwenyewe, bila umeme, niwe na shahidi wangu kabla sijabonyeza, anakuja upesi, amesimama mlango wa jikoni na mwiko, anageuka, na unyusi… mzima. Hapana. Tena. Nampeleka bafuni, anapiga mswaki, anageuka na povu mdomoni, ana unyusi mzima, umechanwa, ngozi ya sabuni… tena, nampeleka chini ya taa yangu mwenyewe, nimeshika mlango wa taa, lile bati la kukata mwanga, kwa glovu, nateremsha, mwanga unaushika uso wote na hakuna pa kushikwa, hakuna mwanya, ameniingia huyu, nimemtazama kwa dakika ngapi, nimekaa naye kwa muda wa kunywa chai na ameingia hadi jikoni kwangu, hadi mswakini, anabadilisha kila mahali kama anayepaka chokaa nyumba nzima, na mimi niliyewacheka wanaoamini simu zao… kushoto, nasema, ulikuwa wa kushoto, na hata neno kushoto linaanza kusikika kama kitu nilichosimuliwa… kisha kidole, hiki hiki kilicho juu ya kitufe, kinakumbuka chenyewe, bila mimi, jioni alizonilalia pajani akinung'unikia mguu wake, kilikuwa kinapita juu ya unyusi, nywele, nywele, kisha ngozi tupu, punje ya mchele, kisha nywele, kinapita na kurudi, na yeye akisema umeanza tena, utakimaliza kilichobaki… hapo mashine haijafika, haina kidole, hapo ndipo alipo, katika ncha ya kidole cha mzee kilichokauka, na siwezi kukionyesha ukutani, siwezi kumpa mtoto, nikifa kinazikwa… na kitufe ni laini, cha mpira, kinasubiri, na nisipokibonyeza bado yuko nyuma ya huyu, amepitwa tu, amesimama kwenye foleni na hasira zake na mkoba wake, na nikikibonyeza huenda nikakuta hata foleni hakuna, na siku nzima nimekuwa nikijiona mtu wa ukweli, mtu wa kivuli, mtu asiyedanganyika, na sasa nautaka uongo huu ubaki ukutani, nauomba, usisogee… nafungua macho, yuko palepale, mpana kuliko mlango, mwanangu ameshika pembe ya skrini yake, simu imenyanyuliwa, mtoto yuko gotini, "Babu, si nakuuliza, huyu ndiye bibi?", na kidole hakijabonyeza, na wote wananitazama, na mkamwana anamnong'oneza mumewe, ona, ona, na yuko sahihi sasa, maana macho yamejaa, na safari hii si taa.