Shati la Mheshimiwa

Kabla ya alfajiri mkaa ulialika ndani ya pasi, na dobi akanyoosha mkono kuwasha redio. Betri zilikuwa zimekwisha. Hilo lilimsumbua, maana nguo ikipata mvuke husema yote aliyoyasema mvaaji wake, na yeye, kwa adabu ya kazi, hupiga pasi redio ikiwa juu. Ya watu ni ya watu.

Mke wa mheshimiwa alikuwa tayari kwenye kigoda, akisubiri shati jeupe la mkutano wa siku hiyo.

"Piga tu, mama," alisema. "Kelele nimezizoea."

Kola ikaanza, kwa sauti tamu ya mheshimiwa: "Yule mke? Pambo la sebule tu. Nikishapita, namtimua." Mvuke ulinuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chupa. Kisha likasema kwapa, kwa sauti ileile tamu: "Naapa, bomba litafika kwenu kabla ya mwezi kwisha."

"Na hao anaowaapia ni nani?" mke aliuliza.

"Ni sisi, mwanangu. Mimi bado nateka kwa ndoo."

Dobi alimpa kitambaa safi apanguse macho, akakunja shati, akabeba pasi na mkaa wake. Wakaenda pamoja ofisi ya chama, kwa kuwa mchana ule wake wa wagombea walitakiwa kupanda jukwaani kuwasifu waume zao, na huyu hakutaka kusema uongo mbele za watu.

Wajumbe watatu wa kamati waliisikiliza kola wakiwa wameziba pua kwa leso. Mvuke ukaacha utando wa mafuta ukutani.

"Ya chumbani yabaki chumbani," alisema mwenyekiti. "Tunatafuta kiongozi, hatutafuti bwana harusi."

"Basi lisikilizeni kwapa," alisema dobi.

Wakalisikiliza.

"Ah, hiyo sasa ni siasa, mama."

"Ya nyumbani si kitu, ya jukwaani si kitu. Adanganye wapi ndipo muudhike?"

Mjumbe mmoja alicheka. Mwenyekiti alimgeukia mke. "Maneno matatu tu, shemeji. Na hilo shati mpelekee, tumechelewa."

Jua lilipopanda, shati lililolowa jasho likafuka mgongoni mwa mheshimiwa na kurudia yote mbele ya umati. Watu waliziba pua kwa mkono wa kushoto, wakainua wa kulia kumpitisha. Mke alipewa kipaza sauti.

"Mume wangu mwaminifu," alisema.

Wakapiga makofi, kila mmoja kwa mkono wake mmoja, pajani.

Uchaguzi ulipopita, mke alimletea dobi gauni alilovaa siku ile. Lilikuwa limekaa chini kabisa ya kapu. Dobi alikuwa na betri mpya, lakini alipowasha redio alimkuta mheshimiwa akila kiapo cha uadilifu. Akaizima. Akalinyunyizia gauni maji ya ndoo, na kabla pasi haijaligusa, akaanza kuimba mwenyewe, kwa sauti mbovu na ya juu, wimbo wa kubembeleza watoto, tangu shingoni hadi kwenye pindo, ili neno lisisikike. Harufu tu ndiyo iliyopenya. Hakuziba pua.

Akalikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko, akamsindikiza mgeni wake hadi mlangoni.

"Njoo tena, mwanangu," alisema. "Hata mikono mitupu."