Maduara Tisa

"Hilo ni doa au uchafu wa penseli?" Katibu aliuliza, akiinama juu ya karatasi iliyobanwa ubaoni.

"Doa. Uchafu hautembei." Mlinzi hakuinua kichwa. "Sogea, mwanangu, umenizibia jua."

Miaka ishirini na miwili, mlinzi huyu wa Chama cha Taifa cha Elimu ya Nyota alipanda kwenye kuba ya darubini kila asubuhi, akaiangusha taswira ya jua kwa darubini kwenye karatasi yenye duara, akachora madoa yake. Shule aliishia darasa la nne. Wasomi walitia sahihi zao chini ya kazi yake, wakapigiwa makofi. Mnyonge hana haki. Mkewe aliliita jua "mke mwenzangu", kwa kuwa ndilo lililoamkiwa kwanza.

Katibu akatoa karatasi tisa tupu. "Mzee wangu, kesho kutwa wageni wanakuja kuona kumbukumbu yetu isiyokatika. Zimepungua hizi tu, za mwaka jana. Zijaze. Madoa mawili matatu, basi. Nani atajua?"

Mlinzi alizitambua tarehe. Siku nane alikaa kwenye benchi la hospitali, mkewe akisinyaa kitandani. Ya tisa walimzika.

"Nilikutumia ujumbe," alisema. "Nikaomba mmoja wenu apande hapa, nusu saa tu. Wanachama mia mbili! Wote vipofu?"

"Tulikuwa na mkutano mkuu, mzee."

"Siku tisa? Hata harusi ya mfalme huisha."

Katibu alicheka, kisha akajutia kicheko. "Mwenyekiti amesema usipojaza, funguo za kuba zirudi ofisini. Mimi natumwa tu."

"Najua. Wakubwa hawapandi ngazi."

Mlinzi aliweka penseli chini.

"Niazime kalamu ya wino."

Katibu alimpa haraka, akitabasamu. Mlinzi akaandika ndani ya duara la kwanza, herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika: HAPAKUWA NA MTU. Akaandika kwenye la pili. Akaandika hadi la tisa, bila kuruka hata moja. Kisha akaweka funguo za kuba juu ya karatasi hizo, akamrudishia Katibu kalamu.

"Sasa tia sahihi, kama kawaida yenu."

Akashuka ngazi, polepole, akishika ukuta.

Katibu alibaki ameishika kalamu. Ubaoni, jua ambalo hakuna aliyelifuata kwa darubini lilikuwa limetoka nusu kwenye karatasi ya leo, likaanza kupanda mkono wa shati lake.