Chaji ya Kufika kwa Dada

Mwalimu wa chekechea alikuwa amelizoea gari lake la umeme kama mtu anavyozoea simu: jioni analichomeka ukutani, asubuhi analichomoa, shuleni, sokoni, nyumbani, basi. Safari ndefu ndiyo hakuwahi kuijaribu, mpaka mama mkwe wake alipoomba kupelekwa kwa dada yake, aliyekuwa ameanza kusahau watu.

"Gari la kuchomeka kama pasi halitufikishi," mama mkwe alisema walipoanza kupanda mlima. "Tugeuze tu, mwanangu."

"Tutafika, mama."

Lakini mlima ulikuwa unakunywa chaji kama maji. Mwalimu akazima kiyoyozi, akashusha vioo, akapunguza mwendo hadi lori la matofali likawapita. Kwenye mteremko chaji ilirudi kidogo, ila haikutosha. Akajikaza kisabuni, akasimama penye duka la kinyozi kando ya barabara, akaomba umeme.

"Simu nachaji kila siku," kinyozi akacheka. "Gari ndiyo mara ya kwanza. Chomeka, dada, ila usinizimie mtaa mzima!"

Umeme wa ukutani huingia taratibu. Wakakaa kwenye benchi la wateja. Mwalimu aliona aibu. Alijua atasimangwa mpaka basi. Alipogeuka, akamkuta mama mkwe anakunja leso na kuikunjua.

"Nilikuwa naomba lizime," mama mkwe akasema kwa sauti ya chini.

"Gari?"

"Lizime, turudi, niseme nilijaribu. Nikifika asinijue, uso nitauweka wapi?"

Mwalimu akasogea karibu. Akamshika mkono, na mkono haukuondolewa. Hata gari lilipopata chaji ya kutosha hakumharakisha, alisubiri mpaka mama mkwe mwenyewe aliposimama, akajikung'uta gauni na kusema, "Haya, twende."

Walifika jua likiwa bado juu. Dada mtu alikuwa kibarazani akimenya njegere. Aliwatazama kwa ile adabu ya kupokea wageni.

"Karibuni, kaeni. Mdogo wangu yuko njiani. Mbishi huyo, sijapata kuona!"

 Mama mkwe akavuta kigoda, akachota njegere kiganja kimoja.

"Mbishi kweli," akasema. "Hebu niambie, alikufanyia nini?"

Dada akaanza kusimulia, na haukupita muda, wote wawili walikuwa wanacheka. Mwalimu akawaacha hapo, akaingia ndani kuuliza soketi iko wapi.