Jino Lililokwama Taveuni

Eroni alikuwa mpakizi wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Brisbane kwa miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na jibu moja kwa kila abiria aliyemjia analia kwamba begi lake limepotea. Alimwambia, begi halipotei, mama, linachelewa tu. Wala hakusema hivyo ili kumfukuza mtu. Aliamini. Alishaona mabegi yaliyokwenda kwenye ndege isiyo yao yakarudi wiki ya tatu yakiwa na vumbi la nchi za watu, na wenyewe wakayakumbatia kama ndugu.

Kwa hiyo Jumatatu ile aliposhuka Labasa, mji wa kisiwa cha kwao, mkokoteni wa mizigo ukasukumwa hadi mlangoni, kila mtu akachukua chake na yeye akabaki anautazama mkokoteni mtupu, hakupiga kelele. Alitoa simu. Ndani ya begi alikuwa ameweka kidude cheupe, kidogo kama kifungo cha koti, kile ambacho simu za watu wanaopita karibu hukitambua na kukutumia habari kilipo. Kidoti cha kijani kilikuwa kimetulia Nadi, kisiwa cha pili, alikopandia ndege.

“Limebaki Nadi,” akamwambia karani, ambaye hata karatasi zake alikuwa hajazifungua. “Mlizidiwa uzito mkaliacha.”

Karani alikubali bila ubishi. Ndege zile ni ndogo, abiria wenyewe hupimwa kama magunia, na kila siku kuna cha mtu kinachobaki. Aliandika namba ya simu, akasema kesho.

Mtu mwingine angekwenda zake kwao na kulifuata begi baadaye. Kijiji chao, Korolau, ni mwendo wa saa moja tu kwa lori, na huko baba yake, mzee Apakuki, alikuwa amelala kwenye mkeka hali tena chakula. Lakini Eroni hakuweza kufika kwa baba yake bila begi lile, na sababu yake ilikuwa na umri wa miaka saba.

Mama yake alipofariki, Eroni alikuwa na miaka miwili tu Brisbane na karatasi zake hazijakamilika. Akiondoka, harudi. Basi hakuondoka. Siku mama anazikwa, yeye alikuwa chini ya ndege anapakia masanduku ya watalii. Baba yake alimpigia simu mara moja tu, baada ya mazishi, akamwambia, “Nyumbani kwangu utaingia siku utakayokuja na jino la kina mama yako. Kabla ya hapo usiikanyage ngazi yangu.” Akakata.

Kwetu jino la nyangumi si pambo. Tabua, ndivyo tunavyoliita, na maneno ya kuomba radhi yakitoka bila hilo mkononi ni upepo tu. Meno ya kununua yapo, hata Labasa yapo nyuma ya soko, lakini mzee hakusema jino lolote. Alisema la kina mama, yaani kijana kwanza akawapigie magoti wajomba, kaka za yule aliyemwacha azikwe bila yeye. Kwa miaka saba Eroni aliona aibu kwenda. Habari za ugonjwa zilipofika ndipo aibu ilipomtoka. Alishuka Nadi, akaenda Sigatoka kwa wajomba, akakaa karibu na mlango kama mgeni, akalia mbele ya watu wazima wenzake. Wajomba walilia pia. Wakamtolea jino la zamani, jekundu kama chai ya rangi kwa kushikwa na mikono ya watu, lenye kamba ya nyuzi za nazi. Alilifunga kwenye shuka ya marehemu mama, akalitia kwenye begi, na alikuwa amelibeba mkononi mpaka pale dada wa kwenye mizani alipomwambia begi la mkononi limezidi, litakwenda chini. Akakubali. Mpakizi wa mizigo angebishaje?

Alifikia mjini kwenye nyumba ya shangazi yake. Shangazi mwenyewe alikuwa Korolau akimuuguza kaka yake, na Laisani, dada yake Eroni, alikuwa huko pia. Simu Korolau haishiki, labda upande kilima cha kanisa na ushike mkono juu. Habari zilikwenda na kurudi kwa lori la miwa la Penaia, mume wa Laisani, aliyepeleka miwa kiwandani Labasa kila siku ya Mungu.

Huyu Penaia lazima nimweleze vizuri. Kwetu shemeji ni mtani, na utani wake hauna mpaka. Anaweza kukuvua kofia kanisani, anaweza kumwambia bosi wako kuwa umekufa, nawe huna haki ya kukasirika. Dada, kwa upande wake, hazungumzi na kaka yake. Wakishakua, kaka na dada hawatazamani usoni wala hawatumani neno ila kupitia mtu mwingine, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo yule aliyekuwa na neno la maana kwa Eroni hakuruhusiwa kulisema, na aliyeruhusiwa kusema alikuwa Penaia.

Jumatatu Penaia alimpitia na kumwambia kwamba begi lake limeonekana sokoni likiuza bilinganya. Jumanne alizidi. Alipiga simu kwa sauti nyembamba ya karani, akasema, “Bwana Eroni, sitanii, begi lako limefika, njoo haraka kabla hatujafunga.” Eroni alikodi teksi mbio mbio. Uwanja ulikuwa mtupu, mbwa amelala penye mizani, na nyuma ya lori Penaia amejishika mbavu kwa kicheko.

“Simu yangu hainidanganyi,” Eroni alimwambia, naye anacheka, maana huwezi kununa. Akamwonyesha kidoti. “Liko Suva. Lingine lolote utakalosema, nitauliza hapa kwanza.”

“Basi oa hiyo simu,” alisema Penaia.

Jumatano kidoti kiliruka. Eroni alikitazama asubuhi akakuta kiko Taveuni, kisiwa kingine kabisa, na akajua mara moja kilichotokea kwa sababu mikono yake mwenyewe ilishafanya kosa lile. Mtu alisoma herufi za lebo kwa haraka, akatupa begi kwenye mkokoteni wa jirani. Hakumlaani. Alimpigia karani, akamweleza begi liko wapi, litoke na ndege gani, lipite Suva, lifike lini. Karani aliandika alivyoambiwa. Ijumaa asubuhi, walikubaliana.

Nadhani hapo ndipo kile kidude kilipomponza. Kama angekuwa hajui begi liliko, angekata tamaa siku ya pili, na mtu aliyekata tamaa huenda kwa baba yake na mikono yake miwili tu. Lakini alikuwa analiona. Kila saa lilikuwa mahali fulani, linakuja. Akawa anakaa kwenye mkeka wa shangazi, simu mbele yake, anajifunza maneno ya kuomba radhi, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, asije akakosea hata moja.

Jumatano hiyo mchana lori lilisimama nje. Penaia aliingia na majani ya miwa kichwani, akanywa maji, akasema, “Mzee kasema uje.”

Eroni aliinua macho.

“Kasema jino baadaye. Uje hata mikono mitupu.” Penaia akaweka kikombe chini, na uzito wa neno lile ukamshinda. “Hata suruali, kasema, si lazima.”

Eroni aliangua kicheko. Penaia naye akacheka, kwani mdomo wake haukujua njia nyingine, akarudi kwenye lori lake. Alifika kona ya kiwanda akiwa bado anacheka, kisha akaacha.

Alhamisi asubuhi alirudi tena. Safari hii hakuingia, alisimama mlangoni ameshika kofia. Alisema mzee hawezi tena hata maji. Alisema Laisani ndiye aliyemtuma, jana na leo. Alisema, “Shemeji, safari hii sitanii.”

“Hivyo hivyo ulisema Jumanne.”

“Jumanne ilikuwa Jumanne.”

“Baba yangu huyo?” Eroni alitikisa kichwa. “Baba yangu ninayemjua mimi akishatamka, ametamka. Miaka saba hakulegeza neno lile, leo alilegeze kupitia wewe? Jana suruali si lazima, leo utaniambia nini?” Akageuza simu amwonyeshe. “Tazama. Limeshatoka Taveuni. Kesho asubuhi liko hapa, na saa nne mimi niko kwa baba na jino mkononi, kama alivyotaka.”

Penaia alikitazama kile kidoti muda mrefu. Angeweza kumkamata mwenzake mkono akamvuta, ana nguvu za kutosha, lakini mtu aliyetania maisha yake yote hajui anaanzaje. Alivaa kofia akaondoka.

Ijumaa kidoti kilifika kabla ya Eroni. Kilipofika Labasa yeye alikuwa bado anavaa, na alitabasamu peke yake kama mtu aliyeshinda dau. Uwanjani begi lake lilikuwa la kwanza mkokotenini, limekwaruzwa pembe moja, lebo ya Taveuni inaning'inia kwenye kishikio. Alipiga magoti palepale akalifungua. Shuka ya mama ilikuwepo, na ndani ya shuka, jino, zito na baridi. Alimwambia karani ahsante mara tatu.

Nje, lori la Penaia lilikuwa limeegeshwa kivulini. Halikuwa na miwa.

“Umekuja kuniibia begi?” Eroni alimchokoza, mwenye furaha. “Haya, sema basi. Sema kwamba humu kuna bilinganya.”

Penaia alishuka. Alilichukua begi kwa mikono miwili, akalipandisha taratibu kwenye kiti cha mbele. Hakumtazama.

“Shemeji,” alisema Eroni. “Nitanie.”

Penaia aliketi chini, pale pale kwenye kokoto, akapiga makofi matatu mazito ya viganja vilivyokunjwa, kama tunavyopiga mbele ya jambo kubwa. Basi Eroni akajua. Hakuna maneno yaliyomwambia, kimya cha mtani wake ndicho kilichomwambia. Mzee Apakuki alikuwa ameondoka Alhamisi, jua likiwa bado juu, wakati mwanawe mjini anarudia maneno ya katikati.

Njia nzima hawakuzungumza. Eroni alikumbatia begi kifuani na kulia kwa sauti, bila kujificha, na Penaia aliendesha pole pole kama amebeba mayai.

Chini ya ngazi ya baba yake, Laisani alikuwa amesimama. Wanawake wengine walisogea, wakidhani atampisha kaka yake apite kama inavyopasa. Hakumpisha. Alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu wakiwa watoto, na kusema naye mwenyewe.

“Alijua uko mjini tangu Jumatatu. Kila lori likipita anauliza, ‘Ni Eroni huyo?’ Akasema uje hata mikono mitupu. Mimi siwezi kukwambia, ndiyo nikamtuma Penaia.”

“Penaia aliniambia,” alisema Eroni.

“Basi mbona hukuja?”

Eroni aliinamia begi. Alishika lebo ya Taveuni na kuichana vipande vidogo, halafu akapanda ngazi ambayo kwa miaka saba alikatazwa kuikanyaga. Hakuna aliyemzuia.

Ndani aliingia kwa magoti, jino limeinuliwa mbele yake kwa mikono miwili. Wazee walikuwa wamekaa kuzunguka jeneza, na mbele yao, kwenye mkeka mpya, yamepangwa meno ya waliotangulia kuja kumlilia marehemu. Ilaitia, mdogo wake mzee, ndiye aliyekuwa akiyapokea. Alilitambua lile jekundu. Alijua limetoka kwa kina nani, na alijua liliagizwa na nani.

“Mwanangu,” aliuliza kwa upole, “jino hili limekuja kwa jambo gani? La radhi, au la msiba?”

Jino moja hubeba jambo moja. Maneno yote ya radhi yalikuwa kichwani kwa Eroni, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, siku nne ameyasafisha, hayana kosa. Lakini yalitengenezwa kwa sikio moja. Hakuna mwingine mle ndani mwenye uwezo wa kuyajibu.

“La msiba, Baba Mdogo,” alisema.

Mzee Ilaitia alilipokea, akalinusa kwa heshima, akaliweka kwenye mstari na mengine. Wanaume waliitikia kwa makofi. Halafu mtu mwingine akaingia na jino lake.

Eroni alisogea nyuma mpaka ukutani, na Penaia akajibana kumpa nafasi. Walikaa bega kwa bega, kava, kinywaji chetu cha mizizi, ikapita, wakanywa. Penaia akarudisha kikombe, akasema kwa sauti ya chini sana, macho yake kwenye mkeka.

“Heri ningekufunga kamba jana, shemeji. Ningekupakia juu ya miwa.”

Safari hii Eroni alimwamini.