Mstari wa Magunia

Ulitazama pembeni. Usiniambie hukuona, maana nilikuwa nakuangalia wewe na wenzako wa zamu ya asubuhi. Mlango wa ofisi ya utumishi ulikuwa wazi, mpwa wangu amesimamishwa ukutani bila viatu kama mbuzi wa mnadani, na ghafla kila mtu akawa na kamba ya kiatu ya kufunga.

Mpwa wangu ni huyo mnayemwita Nukta. Mtambo wa kukata sabuni ukikwama, mnampigia kelele nani? Nukta. Ilipotoka nafasi ya msimamizi wa zamu, akaambiwa asimame chini ya mstari mwekundu. Utosi wake haukuufikia. Afisa utumishi akafunga faili: "Msimamizi lazima aonekane, kijana. Wewe tutakutafuta kwa tochi."

Mkacheka. Nawe ulicheka, puani. Nilipofungua mdomo, afisa akaubamiza mlango.

Siku chache baadaye dada yangu akaniita. "Kaka, njoo uongee na mtoto wako. Anataka kwenda kuvunjwa miguu."

"Nani anamvunja?"

"Daktari. Kwa hiari yake mwenyewe!"

Nikamkuta Nukta sebuleni na picha za kliniki: jamaa mfupi amenuna, jamaa yule yule mrefu anakenua.

"Mjomba, siku hizi ni jambo la kawaida. Wanakata mfupa wa paja, wanaingiza chuma, kinavutwa kidogo kidogo kila siku. Mfupa unaota, unaziba nafasi."

"Na wewe umelala tu, unamwagiliwa maji."

"Mjomba!"

"Ukisharefuka, utatembea?"

"Baada ya miezi. Labda mwaka."

"Basi utasimamia zamu ukiwa kitandani. Hongera, bosi."

Hakucheka. "Nimewafundisha kazi watu ambao leo wananituma chai. Nimechoka kutazamwa utosi. Na tafadhali usinianzie habari zako za zamani."

Nikamsindikiza kliniki. Zulia, maua ya plastiki, kiyoyozi cha kugandisha meno. Daktari alikuwa na sauti ya muuza magodoro. "Mzee, sisi hapa tunabadilisha maisha."

"Mfupa ukikataa kuunga? Mishipa ikigoma kuvutwa?"

"Hutokea mara chache sana."

"Hiyo mara chache itakuwa miguu ya nani?"

Akampa Nukta kalamu, naye akasaini. Upasuaji ni Jumatatu asubuhi.

Sasa nisikilize. Kiwandani wamenihamisha idara kila nilipopaza sauti, lakini kumbukumbu yangu hawakuihamisha. Ofisi ile ya utumishi ilikuwa stoo ya magadi. Magunia yalipangwa mpaka darini, siku moja yakaporomoka yakamvunja mpakiaji bega. Tukatia mikono mifukoni, zamu zote. Mitambo ikanyamaza, mpaka meneja wa enzi zile akaja mwenyewe na fundi rangi, akachoresha mstari mwekundu: gunia lisivuke hapa. Mstari ule tuliudai sisi, ili mtu asivunjwe mfupa!

Stoo ikahamishwa, chumba kikawa ofisi. Fundi aliyepaka kuta upya akauzunguka mstari kwa adabu zote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aufute. Akaja huyu meneja mpya, akauliza ni wa nini. Mfagiaji alikuwepo, kanisimulia huku amejishika mbavu: wale wapambe wakatazamana, nani athubutu kumwambia bosi hajui? Mmoja akaropoka, "Kimo cha wasimamizi, bosi." Bosi akaitikia kwa kichwa, akaona ni busara kubwa. Tangu hapo binadamu anapimwa kwa kipimo cha gunia la magadi, na wasomi wamekitungia kanuni.

Nikaenda ofisini kuwaambia, afisa pamoja na Meneja. Ulikuwepo kwenye korido. Afisa akanisikiliza, akapiga miayo. "Huenda ni kweli, mzee. Lakini ndio utaratibu sasa."

Nikamgeukia Meneja, amekaa kwenye kile kiti chake kilichopandishwa mpaka miguu inaning'inia. "Basi vua viatu, Meneja. Njoo usimame hapa na wewe."

Meneja akakumbuka ana simu ya kupiga. Mimi nikageuka kuwatazama ninyi mliojazana mlangoni, mtu mmoja tu aseme "kweli, asimame." Wewe ukatazama pembeni. Mara ya pili hiyo.

Jioni nikamweleza Nukta yote. Alikuwa anafungasha nguo za hospitali. Akakaa kitandani, akayashika mapaja yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeaga.

"Nakuamini, mjomba. Lakini nikibaki, nitarudi kwa nani? Kwa wale waliocheka? Wewe ukiufuta mstari, watasema mzee kaanza vurugu zake. Wakiufuta wao, siendi. Usipofutika, Jumatatu wanikate."

Mama yake alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo kwa kanga.

Leo ni Ijumaa. Kesho geti linafungwa mpaka Jumatatu, na Jumatatu msumeno uko kazini. Nimesimama nje ya ofisi ile na kopo la rangi nyeupe. Mlango hauna komeo, unajua. Brashi ninayo moja, na sitaishika mimi. Achana na hiyo kamba ya kiatu, imeshafungwa. Inuka, waite wenzako, njoo ushike brashi. Sasa hivi!