Msiba wa Mwaka Hamsini na Tatu

Viwanda vya kuchambua pamba vilipoanza kupata wamiliki wapya, makaratasi ya zamani yalimwagika mjini Mwanza kama pumba. Waliosafisha ofisi waliyauza kwa kilo, na wauza maandazi wa mtaa wa Mirongo wakayagombania, maana gazeti lililokaa miaka halitoi wino kwenye andazi kama haya magazeti mapya. Paskazia alichukua fungu lake kama wenzake. Ila yeye alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Aliishia darasa la nne na alisoma kwa kufuata kidole, lakini kila ukurasa aliusoma kwanza ndipo afungie maandazi.

"Mama Dorcas, andazi linapoa," wateja walimtania. "Hao unaowasoma walishakufa wote."

"Ndiyo maana nawasoma. Hawana haraka kama wewe."

Asubuhi moja akakuta habari fupi ya mwaka 1953, imebanwa chini ya tangazo la baiskeli. Marobota ya pamba yalikuwa yameporomoka katika ghala la kiwanda kimoja kando ya ziwa, yakaua kibarua mmoja. Jina lake Chenge Masalu, mtu wa Magu.

Paskazia alilikunja lile gazeti, akaliweka kifuani. Jina la Chenge Masalu alilijua. Ndiye aliyepanga chumba kimoja na baba yake, Shigela, hapo hapo Mirongo, wote wawili vibarua wa pamba. Msimu huo wa 1953 Shigela hakurudi nyumbani Buswelu. Watu wakasema amefuata mwanamke Kampala. Mkewe, Bernadeta, alikuwa na Paskazia mgongoni, na tangu siku hizo akawa mwanamke aliyeachwa. Angekuwa mjane angepewa pole. Yeye aliulizwa alimfanya nini mumewe.

Tatizo ni kwamba Chenge hakufa mwaka ule. Paskazia akiwa msichana, karibu na uhuru, mama yake alimchukua hadi Magu kumuuliza Chenge habari za Shigela. Chenge aliwachinjia kuku, akawapa mchele, akawasindikiza hadi barabarani. Kuhusu Shigela alisema hajui, na hakunyanyua uso.

Sasa Bernadeta alikuwa mzee wa kulala ndani, analishwa uji na Paskazia, na swali lake halikubadilika. "Nikifa nitazikwa kama mke wa nani?" Paskazia hakumwonyesha gazeti. Hakutaka kumpa mama yake nusu ya habari.

Alikwenda ofisi ya wilaya, yanakotunzwa madaftari ya vifo. Karani, kijana wa Bukoba aitwaye Longino, alimwamkia, akasikiliza, akakuna kichwa.

"Sasa mama, tunamtafuta Shigela au tunamtafuta Chenge?"

"Namtafuta Shigela. Wewe nisomee Chenge."

Ilibidi arudi mara kadhaa, kwa kuwa madaftari ya wakoloni yalirundikwa stoo pamoja na viti vibovu. Daftari la mwaka ule lilipopatikana, Longino alimsomea kwa kutafsiri Kiingereza. Chenge Masalu, kibarua, umri kama miaka thelathini, kifua kimepondwa. Dini, Mkatoliki. Amezikwa na katekista.

"Rudia hapo pa dini."

Longino akarudia.

"Chenge alikuwa na wake watatu, na kanisani hakuwahi kukanyaga," Paskazia alisema. "Baba yangu ndiye aliyebatizwa."

"Labda alibatizwa akikata roho, mama. Huwa inatokea."

"Labda. Halafu akafufuka, akanichinjia kuku."

Longino alifunga daftari polepole, akamwambia aulize kwa Chenge mwenyewe. Chenge alikuwa ameshafariki, safari hii kweli, lakini nyumba yake na watoto walikuwepo. Paskazia akapanda gari la Magu, akamkuta Suzana, binti wa Chenge, anageuza mpunga juani. Wakaamkiana. Paskazia akajitambulisha kuwa ni wa Buswelu, akauliza mzee alifariki lini.

"Mara ya kwanza au ya pili?" Suzana alicheka. "Usinishangae, dada. Baba akiugua alikuwa anatuambia tusihangaike, yeye alishazikwa Mwanza zamani. Sisi tulidhani ni pombe."

"Hakuwahi kusema alizikwaje?"

"Mwishoni alisema. Enzi zile kibarua alipewa kipande, kile kikaratasi cha kazi. Hulipwi mpaka siku zote zilizomo zijae. Ukiumwa, mwenzako anachukua kipande chako, anakwenda kukujazia siku, akiitwa kwa jina lako anaitika. Wote walifanya hivyo. Msimamizi alitazama karatasi, hakutazama uso. Baba aliumwa homa, rafiki yake akaenda na kipande chake. Marobota yakamwangukia."

"Rafiki gani?"

Suzana aliacha kugeuza mpunga. Akamtazama mgeni wake, akalisoma jibu usoni mwake. "Shigela," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe ni wa Shigela."

"Kwa nini hakutuambia? Tulikuja. Tulikaa hapa hapa, tukala."

"Kwanza aliogopa jela, maana kazi ilikuwa ya udanganyifu. Baadaye akamwogopa mama yako. Alisema Shigela alikuwa ameshajaza kipande chake mwenyewe na mzigo wa kurudi nyumbani ameufunga. Alibaki kwa ajili ya baba tu."

Jioni hiyo, nyumbani Buswelu, Paskazia alikaa kwenye kitanda cha mama yake, akamweleza yote bila kuruka: gazeti, daftari, mpunga. Bernadeta alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mzigo alikuwa ameufunga?"

"Alikuwa ameufunga, mama."

"Alikuwa anakuja huku?"

"Alikuwa anakuja huku."

Bernadeta akaagiza wembe na maji. Kwao mfiwa hunyolewa nywele, na yeye alikuwa hajanyolewa. Paskazia akamnyoa pale pale kitandani, mvi zikadondokea kwenye kanga.

Kesho yake walitandika mikeka uani. Majirani walipoona watu wamekaa chini, wakaja kuuliza.

"Nani kafariki? Mbona bibi namwona?"

"Baba yangu," alijibu Paskazia.

"Lini?"

"Mwaka hamsini na tatu."

Wengine walitazamana. Mzee mmoja akanong'ona kwamba hawa watu wa Shigela wamechelewa kidogo, mkewe akamfinya. Lakini waliingia. Suzana, aliyepelekewa habari alfajiri, aliwasili mchana na gunia la mchele, akapiga magoti mbele ya Bernadeta. Bernadeta akamwonyesha mahali pa kukaa, kwenye mkeka wa wafiwa.

Yeye mwenyewe aliegemezwa ukutani, kichwa kimenyolewa, mkono ameunyoosha. Watu walipita mmoja mmoja wakimpa pole ya kufiwa na mume. Mmoja alitaka kupita kwa kuinamisha kichwa tu, akidhani mgonjwa amechoka. Bernadeta alimshika mkono, akaungoja mdomo wake useme pole, ndipo akamwachia.